Kisichopasha Joto

1

Mwanasesere wangu hakuwahi kuugua hata siku moja. Kwa miaka sita nilimbeba nyuma ya gari la shirika, nikamsimamisha chini ya kila mnara uliojengwa kwenye uwanda wa Iramba, na kila mara alitoka mzima. Alikuwa na kimo cha mtoto wa darasa la tano, ngozi ya plastiki, na tumboni rojo ya maji, chumvi na sukari iliyopikwa ili ifanane na nyama ya mtu. Ndani ya rojo hiyo mlikuwa na vipimajoto kumi na viwili. Mnara unawashwa, namsimamisha dakika sita, nasoma. Joto likipanda chini ya nyuzijoto moja, nagonga muhuri: salama kwa viumbe hai.

Watu wa Itundwe, kijiji nilikozaliwa, walimwita Shemeji, kwa kuwa nilikuwa na miaka thelathini na nane na sijaolewa. "Shemeji ana homa leo?" waliniuliza. Nami nikajibu, "Mzima kuliko nyinyi." Tulicheka sana siku mnara wao ulipowashwa. Muhuri wa mnara wa Itundwe niliugonga mimi, Elinasi Kitundu, juu ya meza ya baba yangu.

Umeme hewa hauna maajabu ukishauelewa. Ni mawimbi yale yale ya maikrowevu ya kupashia chakula, ila yamepunguzwa nguvu na kutawanywa kutoka mnarani, na kila paa lina sahani ya kuyanasa na kuyageuza umeme. Hakuna nguzo wala waya wa kuibiwa. Ili yasipashe joto kitu chochote, shirika liliyakatakata: yanapiga, yanatulia, yanapiga, mara kumi na sita kwa kila sekunde. Katika kule kutulia, rojo inapoa. Ndiyo maana Shemeji hakupata homa. Swali ambalo hakuna aliyetaka kuliuliza ni kama kiumbe hai kinaweza kudhuriwa na kitu kisichokipasha joto. Ukimgongagonga mtu begani kutwa nzima humuumizi, lakini hebu mwambie alale. Fomu yangu ya vipimo haikuwa na mahali pa kuandika usingizi.

Lipo jambo moja zaidi. Bati huzuia mawimbi hayo. Kwa hiyo kabla ya kuwasha mnara, shirika liliezua bati za kijiji kizima na kuezeka vigae vya plastiki vyekundu, bure. Kina mama walipiga vigelegele. Nani angekataa nyumba nyekundu? Bati za zamani, zenye kutu na matundu, zilihamia kwenye mabanda ya nguruwe.

2

Nasemba ndiye aliyeona kwanza, na wala hajasomea mionzi. Ni mke wa mdogo wangu Gidion, kwa hiyo ni wifi yangu, na ndiye aliyemuuguza baba nilipokuwa nikizunguka na mwanasesere. Alikuwa akitotolesha vifaranga kwenye sanduku la mbao lenye balbu ndani. Nilipokuja likizo, aliniita chumbani kwake, akafunga dirisha, akaweka yai juu ya tochi ya simu.

"Hili ni la siku ya saba," alisema. "Unaona nini?"

Niliona duara jembamba la damu, na katikati hamna kitu.

"Siku ya tano lilikuwa na mishipa, wifi. Imetanda vizuri kabisa. Siku ya saba imekatika, limebaki hilo duara. Na si moja. Karibu yote, siku ile ile."

"Labda joto la sanduku."

"Joto umepima wewe mwenyewe jana. Si ndiyo kazi yako?"

Nilizima tochi. Akaliweka yai chini na kukaa kitandani. Katika miaka mitatu mimba zake mbili zilikuwa zimetoka, zote kabla ya mwezi wa nne. Nesi wa zahanati alimwambia ni mapenzi ya Mungu, kisha akamwambia anywe vidonge vya damu.

"Nikuulize kitu, na usinicheke," alisema. "Kwa nini nguruwe wanazaa?"

"Nguruwe?"

"Kuku mayai yanaharibika. Mbuzi wanatupa mimba. Mimi ndiyo unanijua. Mke wa mwalimu mara mbili, dada wa kanisani mara tatu. Lakini nguruwe wa kijiji hiki wanazaa kumi, kumi na mbili, kila uzao. Wanakula makapi na kulala kwenye uchafu. Wana nini wao ambacho sisi hatuna?"

Nilikuwa na shahada mbili, na swali hilo lilikuwa lake. Nilitoka nje nikaenda mpaka banda la jirani, nikasimama nikiwatazama nguruwe waliojilalia kivulini, chini ya bati zetu.

Likizo ile sikuimaliza kwa kupumzika. Gidion alitupigilia masanduku mawili yanayolingana, na moja tukalivalisha bati ya madebe ya mafuta tuliyoyapasua, tukaifunga waya uliozama ardhini. Kila sanduku mayai ishirini, balbu moja, kibakuli kimoja cha maji, na joto lile lile mpaka sehemu ya kumi ya nyuzijoto. Tulirudia mara tatu, siku ishirini na moja kila mara, na nikaomba ruhusa ya ziada kazini kwa kisingizio cha ugonjwa wa baba. Sanduku la bati lilitoa vifaranga kumi na saba, kumi na wanane, kumi na sita. La mbao lilitoa wanne, sita, watatu.

Siku ya mwisho Nasemba aliwapanga wale watatu kwenye sinia, akaniambia bila kuniangalia, "Sijaona siku zangu wiki ya tisa sasa. Gidion anajua. Wewe ndiye wa pili."

"Ondoka hapa," nilimwambia. "Nenda kwenu leo."

"Kwetu nako ni chini ya mnara huu huu. Na nikienda mbali zaidi, nani atamwangalia mzee? Wewe hata chujio la mashine yake ya oksijeni hujui kulibadilisha." Akamrudisha kifaranga mmoja katikati ya sinia. "Halafu hao wengine wataondoka na nani? Jumatano tulikuwa arobaini na mmoja kliniki ya wajawazito. Nilituhesabu."

3

Mkuu wangu wa kazi, Bwana Lwitiko, si mtu mbaya. Nalisema hili kwa sababu ningependa awe mbaya, ingenipunguzia mzigo. Alisoma ripoti yangu yote na kunipigia simu mwenyewe.

"Elinasi, mayai si watu."

"Na mwanasesere ni mtu?"

Nilisikia feni ya ofisi yake.

"Mwanasesere yumo kwenye mwongozo," alisema. "Mayai hayamo. Umefanya majaribio matatu, kijiji kimoja, na masanduku ya mdogo wako. Labda ni unyevu. Labda ni majogoo. Wewe mwenyewe ukiletewa ripoti kama hii ungefanya nini?"

"Ningesema irudiwe."

"Basi rudia."

"Kila nikirudia kuna mama anapoteza mimba."

"Hujui hilo. Unaliogopa, na mimi naliogopa pia, lakini hatulijui. Ninalolijua ni kwamba minara hii inaendesha mashine za kupumulia, friji za chanjo na pampu za visima. Nikizima kwa ajili ya hofu, nitazika watu ninaowajua kwa majina. Baba yako ni mmojawapo."

Alikuwa na haki ya kulisema, na ndiyo sababu liliniuma. Baba alichimba dhahabu miaka ishirini na saba, na vumbi la mawe likaganda mapafuni. Hospitali ilimrudisha nyumbani na mashine ya oksijeni na miezi michache ya kuishi. Umeme hewa, usiozimika wala kupungua, ulimpa miaka minne. Paneli za jua shirika lilizikusanya siku lilipoleta sahani, na mitungi ya oksijeni ilikoma kujazwa wilayani kwa kuwa hakuna aliyeihitaji tena.

Niliomba shirika betri kubwa kwa ajili yake. Fomu ilitaka sababu. Sababu ya kuzima mnara ilitaka ushahidi, na ushahidi, kwa mwongozo, ni nyuzijoto moja. Badala ya betri nilipata barua: nimehamishiwa stoo ya vifaa makao makuu, na ufunguo wangu utafutwa Ijumaa saa sita mchana.

Ufunguo ndio uwezo pekee alionao mpimaji. Sheria inamruhusu kuuzima mnara papo hapo akiona kiumbe hai kinadhurika. Ukishauzima hivyo, hauwashwi na mtu yeyote kwa siku tisini, mpaka wakaguzi wa nje waje na vipimo vyao wenyewe. Katika miaka sita hakuna mpimaji aliyewahi kuutumia. Baada ya Ijumaa hakuna ambaye angeutumia Itundwe.

Gidion aliondoka Jumatano kwa pikipiki kwenda mjini kutafuta betri.

4

Alhamisi alasiri nilimkuta baba ameketi kitandani, mrija puani, akibishana na redio. Alikuwa na miaka sitini na sita na bado hakukubaliana na mtangazaji yeyote.

"Baba, nataka kukuambia jambo."

"Kama ni mchumba umechelewa, lakini mlete."

Nilimweleza yote: duara la damu, nguruwe, masanduku, ufunguo. Alizima redio. Nilipofika mwisho aligeuka kuitazama mashine yake.

"Mayai mangapi?" aliuliza.

"Mia moja na ishirini."

"Na mimi ni mmoja."

"Si suala la hesabu, baba."

"Ni hesabu. Usinidanganye, mimi ndiye niliyekusomesha hesabu hizo. Gidion anarudi lini?"

"Kesho, Mungu akipenda."

"Na akichelewa?"

Betri ndogo iliyomo ndani ya mashine ilikuwa ya saa nne. Alijua, nami nilijua.

"Elinasi, mimi sitaki kufa," alisema. "Nyinyi mnadhani mtu akifika hapa nilipo ametosheka, anakaa tu kusubiri. Sijatosheka. Nataka kula mlenda wa mwaka huu. Nataka kuwaona hawa waongo wa kwenye redio wakishindwa uchaguzi. Nataka kumsikia mtoto wa Nasemba akilia. Mnadhani sijui? Anatapika kila asubuhi ukuta wa pili kutoka masikioni mwangu."

"Huyo mtoto ndiye ninayemhofia."

"Najua unayemhofia. Lakini huna hakika."

"Sina."

"Basi kama huna hakika juu yake, na juu yangu unayo, usizime. Nakuomba, mwanangu. Ngoja betri ifike, ndipo uzime."

"Ufunguo unafutwa saa sita."

Aligeukia ukutani. Baada ya muda mkono wake ulirudi kuitafuta redio, akaiwasha na kuipandisha sauti.

Niliketi pale mlangoni mpaka jua likashuka. Ningependa kusema nilikuwa nafikiri. Nilikuwa namwangalia mgongo tu, jinsi ulivyopanda na kushuka chini ya fulana, na nilimpenda kiasi cha kutaka kuichoma ripoti yangu na kwenda stoo kuhesabu vifaa mpaka nistaafu.

5

Ijumaa saa tano Gidion alipiga simu. Betri alikuwa nayo mgongoni, lakini mto umejaa na daraja limezama.

"Wenyeji wanasema maji yatapungua kama saa nane," alisema. "Kutoka hapa ni mwendo wa saa mbili. Dada, mwambie baba nakuja."

Saa nane na mbili ni saa kumi. Saa sita na saa nne za betri ndogo ni saa kumi. Hesabu ilikubali, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu katika kazi yangu yote sijawahi kuona hesabu ikakubali bila kubaki kitu.

Nasemba alikuwa uani anafua. Chanjo za zahanati tulikuwa tumeshazihamisha jana yake kwa kasha la barafu, tukawaambia watu wajaze maji kwenye madumu kwa sababu ya ukaguzi. Aliniona nimeshika ufunguo. Hakusema zima, wala hakusema usizime. Alikung'uta shuka la baba, akalianika, akaingia ndani kwenda kukaa naye.

Nilitembea mpaka mnarani. Njiani nilijaribu kujiambia kwamba nawafanyia wanawake arobaini na mmoja, na kila nilipojitahidi kuwaona sura zao niliona fulana ya baba. Nilijiambia pia kwamba huenda nimekosea. Huenda ni unyevu, au majogoo. Hata wakizaliwa watoto wote arobaini na mmoja, wazima, wenye sauti, hakuna atakayejua kama ni kwa sababu yangu, na atakayekufa leo nitajua kabisa ni kwa sababu yangu. Lakini muhuri nilikwisha kuugonga mara moja bila kujua, nikauita usalama. Sikuweza kuugonga tena kwa kunyamaza. Saa sita kasoro dakika tano niliingiza ufunguo na kuuzungusha.

Mnara haukutoa sauti. Nilichosikia ni kijiji: redio zikinyamaza nyumba moja baada ya nyingine, kisha watu wakitoka nje na kuulizana. Simu yangu ilipoteza mtandao, maana nao uliishi kwa mnara huo. Tangu hapo sikuwa na njia ya kujua Gidion amefika wapi.

Nilipoingia chumbani mashine ilikuwa inalia ile milio yake mifupi ya kuonya kwamba sasa inatumia betri. Baba aliisikiliza, kisha akaniangalia. Alitikisa kichwa, kidogo tu, jinsi alivyozoea kufanya nilipokuwa mtoto nikaleta karatasi ya mtihani yenye kosa la kizembe. Tangu hapo hakusema nami. Alimwomba Nasemba maji. Alimuuliza Nasemba kama shuka limekauka. Nilipunguza mtiririko wa oksijeni ili betri ivute muda, na kila nilipopunguza, nilikuwa nampunguzia yeye.

Saa nane ilipita, ikapita saa tisa. Nasemba alimwimbia kwa Kinyiramba wimbo wa kutwangia uwele, polepole, na baba alikuwa akisogeza kidole kufuata mapigo. Saa kumi taa ya betri ikawa nyekundu. Nilitoka mara tano kuangalia barabara. Saa kumi na robo mashine ilizima.

Sitaeleza ile robo saa iliyofuata. Nilimshika mkono, naye hakuuondoa. Sijui kama ni kwa sababu alinisamehe au hakuwa na nguvu ya kuuondoa, na nimekubali kwamba sitajua.

Gidion alifika saa kumi na moja kasorobo. Alikuwa na tope mpaka kiunoni, na betri imefungwa mgongoni kwa mipira ya baiskeli. Uani watu walikwisha kukusanyika, lakini alipita katikati yao bila kumwamkia mtu, akaingia, akapiga magoti, akaunganisha waya. Mashine ikaanza kuvuma. Akauweka mrija sawasawa puani kwa baba, akafuta jasho, akangoja. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumzuia.

"Gidion," Nasemba alisema hatimaye. "Baba ameshaondoka."

Aliendelea kupiga magoti kwa muda mrefu. Kisha akauliza, bila kugeuka, "Mnara umezimika saa ngapi?"

Nje watu walikuwa wanasema umeharibika. Shirika nalo lingesema hivyo, kwa furaha. Ilikuwa rahisi.

"Haukuzimika," nilisema. "Niliuzima mimi, saa sita kasoro dakika tano."

Alinigeukia. Masanduku ya mayai aliyapigilia yeye mwenyewe, kwa hiyo sikuhitaji kumweleza kwa nini. Alinitazama, akamtazama mkewe, akalitazama tumbo lake ambalo bado halikuonyesha kitu.

"Baba alikubali?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

Nasemba aliinua macho. Alinifanyia ishara kwa kichwa, mara moja, niseme ndiyo.

"Hapana," nilisema. "Aliniomba nisizime."